Usiguse, Usisugue, Usikalie

Mgeni akija kwangu, kabla sijamuuliza chai au soda inanibidi nimwelekeze pa kukaa. Sebule ina viti vya kuketisha kamati nzima ya harusi, lakini kinachokalika ni kimoja tu, cha plastiki, na mara nyingi nimekikalia mimi. Vingine ni sanaa. Kile kidogo cha bluu, cha miguu mitatu, kilikuwa cha kukalia mtu akikamua ng'ombe, na mke wangu, Mama Zuhura, anasema rangi yake ni ile ile ya kwanza, haijaguswa tangu ilipopakwa. Katikati pamelika na kung'aa kwa makalio ya wakamuaji wa karne ya 19, na mng'aro huo ndio wenye bei. Makalio yangu yatauharibu. Nimeuliza yana kasoro gani. Sijapata jibu la kuridhisha.

Tunaishi Lancaster, Pennsylvania, huku Marekani, na mke wangu kashikwa na ugonjwa wa kukusanya sanaa za kienyeji za Wamarekani. Hapo usifikirie picha za makumbusho zenye fremu za dhahabu. Ni vitu vilivyotengenezwa zamani na wakulima, mabaharia, maseremala wa vijijini na akina mama wenye sindano, watu ambao hakuna aliyewafundisha uchoraji wala uchongaji na wengi wao hawakujua kama wanachofanya kinaitwa sanaa. Bata wa mbao. Mabirika ya bati yaliyochorwa maua. Mazulia ya matambara. Majogoo ya shaba yaliyoshushwa kutoka juu ya mapaa. Makasha ya mabibi harusi wa Kijerumani ambao wazee wao walihamia jimbo hili karne ya 18, yamejaa ndege na tulipu ubavuni. Kaka yangu alipoiona sebule yetu kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama kazi imeisha, niseme tu ukweli, familia ichange.

Mimi nimelelewa Pangani na mama ambaye kwake chombo kichafu ni aibu ya ukoo. Sufuria ilisuguliwa kwa kumbi na mchanga mpaka ujione uso. Meza ikichakaa ilipigwa msasa na vanishi, na Idi ikikaribia kila chenye miguu ndani ya nyumba, ukitoa kuku na sisi watoto, kilipata rangi mpya. Kwa wakusanyaji wa huku mama yangu ni mhalifu. Kasha la mwaka 1800 ukilipaka rangi leo, hata ukiwa fundi hodari vipi, umelichinja. Wanachotaka ni rangi ya kwanza, iliyobanduka, iliyopasukapasuka, yenye mafuta na jasho la mikono ya watu waliokwisha kufa, na jasho hilo wanalilipia. Juzi nilishika kitambaa kibichi nikaelekea jikoni kufuta friji, friji yetu wenyewe, tuliyoinunua mpya dukani. Sauti ikashuka kutoka ghorofani: "Baba Zuhura, unakwenda wapi na hicho kitambaa?"

Jumapili ni siku ya Adamstown, mji mdogo usio mbali na kwetu ambako masoko ya vitu vya kale yamepangana kando ya barabara. Nyumbani mtu akienda kutazama kabati anafungua milango, anavuta droo, anauliza bei. Hawa wenzangu kitu cha kwanza wanakipindua. Utakuta watu wazima, madaktari na mawakili, wamepiga magoti sakafuni wakiimulika meza uvunguni kwa tochi. Mama Zuhura ana tochi mbili, moja ya kawaida na moja ya mwanga wa zambarau, maana rangi nyingi za kisasa zikipigwa na mwanga ule huwaka. Anatazama misumari: ile ya waya yenye kichwa cha duara ilienea miaka ya mwisho ya karne ya 19, kwa hiyo ukiikuta imelishikilia kasha linalodaiwa kuwa la 1790, mwulize muuzaji maswali au uage. Anatazama matundu ya wadudu. Mdudu wa kweli anachimba kwa kupindapinda. Mwongo anatumia dreli na tundu lake linakwenda moja kwa moja.

Lakini balaa lenyewe ni meza za duara. Mbao inaponywea, inanywea zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, kwa hiyo meza ya duara iliyokaa karibu miaka mia mbili haiwezi kuwa duara tena. Basi mke wangu hutoa kwenye mkoba futi ya kushonea, akapima huku, akapima na kule. Vipimo vikilingana anasonya na kuondoka. Mwenye meza anabaki ananitazama mimi, nami sina la kumwambia. Meza yake imekataliwa kwa kuwa nzima.

Kwenye habari hizi nina shujaa wangu mmoja, na jina lake nimekatazwa kulitaja wakati wa chakula. Anaitwa Armand LaMontagne, mchongaji wa Rhode Island. Mwaka 1969 alichonga kiti kikubwa cha mtindo wa walowezi wa karne ya 17, akakizeesha kwa mikono yake, kikapelekwa Maine na kukaa barazani mwa nyumba ya watu kana kwamba kimezaliwa pale. Kikapita mikononi mwa wauzaji mpaka kikanunuliwa na makumbusho ya Henry Ford huko Michigan kwa dola 9,000. Mwaka 1977 akajitokeza kusema kiti ni chake, na ushahidi alikuwa ameuacha ndani makusudi: matundu aliyatoboa kwa keekee za kisasa. Makumbusho hayakukitupa. Yamekihifadhi kama kifaa cha kufundishia watu kutambua uongo. Mimi nikiangalia naona kiti kilichotengenezwa vizuri kikauzwa vizuri, na zaidi ya yote, mtu angeweza kukikalia bila kugombezwa.

Sasa tuje kwa bata. Bata hawa walichongwa ili waelee majini, bata wa kweli wakiwa angani wadhani wenzao wametua salama, washuke, wawindaji walio mafichoni wawamiminie risasi. Ilikuwa biashara kubwa. Ndege waliouawa pwani za mashariki walisafirishwa kwa mapipa hadi kwenye mahoteli ya mijini, mpaka sheria ya mwaka 1918 ilipokomesha kuwauza. Bata wa mbao wakabaki mabandani bila kazi. Wengine walitiwa jikoni. Waliosalia wako kwenye rafu zangu, nilipokuwa naweka vitabu.

"Baba Zuhura, hebu mtazame huyu."

"Namtazama."

"Unaona nini?"

"Naona bata asiye na jicho moja, kifua kimebabuka, na ubavuni ana matundu."

"Ni risasi hizo! Zimo ndani mpaka leo. Tikisa."

Nikatikisa. Hakukusikika kitu, maana risasi ikiingia kwenye mbao haichezi, lakini ukipitisha ukucha unazigusa, vijipunje vya risasi vilivyozama sawasawa na uso wa mbao. Mwindaji fulani alilenga vibaya, au alikuwa amelewa, akampiga mfanyakazi wake mwenyewe. Mama Zuhura alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu Zuhura amalize shule. Kumbe jeraha linaongeza hadithi, na hadithi inaongeza bei.

Kinachomtia wazimu ni mzee mmoja aliyeitwa Elmer Crowell, wa East Harwich huko Massachusetts. Alichonga bata mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 2007 kazi zake mbili, bata mmoja na bata bukini mmoja, ziliuzwa kwa dola milioni 1.13 kila moja. Kila mmoja, siyo wote wawili. Crowell alikuwa na muhuri wa moto wenye umbo la yai aliokuwa akiupiga tumboni mwa ndege wake, na tangu mke wangu alipojua hilo, hakuna bata wa mbao katika wilaya hii ambaye hajachunguliwa tumboni. Akikuta tumbo tupu hakati tamaa. Anasema muhuri unaweza kufutika. Anamnunua vilevile.

Nikilalamika, najibiwa kwa historia. Kuna tajiri mmoja, Electra Havemeyer Webb, binti wa mfalme wa sukari wa New York, aliyelelewa katika nyumba iliyojaa picha za Degas na Monet. Msichana huyo, badala ya kutulia na urithi, akaenda kununua mwanamke wa mbao aliyekuwa akisimamishwa nje ya duka la tumbaku kuvutia wateja, akampeleka nyumbani. Mama yake alishtuka kweli kweli, nami niko upande wa mama mtu. Electra hakukoma. Mwaka 1947 akaanzisha makumbusho Shelburne, Vermont, na vitu vilipomzidi akawa ananunua majengo mazima ya kuviwekea, yanang'olewa yalikokuwa na kuletwa kwake. Kisha akaitaka meli. Meli ya mvuke, Ticonderoga, yenye urefu wa futi 220, ikavutwa juu ya nchi kavu kwa reli maalumu mwaka 1955, mwendo wa kama maili mbili kutoka ziwani, na ipo mpaka leo imekaa kwenye majani. Mama Zuhura akishanisimulia hayo hunyamaza kidogo, kisha husema: "Na mimi nimeleta bata tu."

Utamjibu nini mtu kama huyo?

Afadhali bata, kuliko vile vyombo vya juu ya paa. Mkulima wa zamani aliweka juu ya ghala jogoo au farasi wa shaba anayezunguka kumwonyesha upepo unatoka wapi. Vijana wa kijiji walimfanya shabaha ya bunduki. Mwaka 2006 kimoja chenye umbo la chifu wa Wamarekani wa asili kiliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 5, na wenye maghala wakaanza kulala macho wazi, maana wezi walikwishazoea kazi hiyo zamani. Hata panzi wa shaba wa Faneuil Hall mjini Boston, aliyetengenezwa na Shem Drowne mwaka 1742, aliibwa mwaka 1974. Akatafutwa, kumbe alikuwa amefichwa kwenye kijinara cha jengo lile lile, chini ya bendera kuukuu. Kwetu mwizi akipanda paani anataka bati. Huku anaacha bati, anaacha mbao, anashuka na jogoo.

Minada ndiyo inayonimaliza. Baridi ikianza kulegea, vikosi vya zimamoto vya kujitolea wilayani kwetu huendesha minada ya kuchangisha fedha, na kwa kuwa theluji huwa inayeyuka, wenyeji wanaiita minada ya matope. Jina halijatia chumvi. Unasimama na viatu vimezama, upepo unakukata masikio, mbele yako wanauza kwa zamu mablanketi ya viraka yaliyoshonwa na wanawake wa Kiamishi (Wakristo wa huku wanaoishi kizamani), magari ya farasi, majembe, na kasha ambalo mke wangu amelipenda. Nimewahi kusimama soko la Feri, Dar es Salaam, alfajiri kumsikiliza dalali wa samaki, na nakiri hawa wa huku wanataja bei kwa pumzi ile ile moja. Ila mnunuzi wa Feri anaondoka na changu, na mchana changu kinaliwa.

Hiyo ya matope angalau fedha inakwenda kununua mipira ya maji ya zimamoto. Kwenye minada ya wenye suti, ukishashinda wanakuongezea asilimia 20 au zaidi juu ya bei uliyotaja, ada ya mnunuzi. Yaani ukumbi mzima umeona akili kuachia hapo, wewe ukaendelea peke yako, halafu unatozwa faini ya ushindi.

Na hao waliovitengeneza walipata nini? Wilhelm Schimmel alikuwa mzururaji wa maeneo ya Carlisle, jimbo hili hili letu. Alichonga tai kwa kisu, tai wenye mabawa yaliyotanuka na manyoya yaliyokatwakatwa kwa hasira, akawabadilisha kwa chakula, kwa mahali pa kulala ghalani, na mara nyingi kwa kinywaji. Alifia kwenye nyumba ya maskini mwaka 1890. Tai wake mmoja leo anauzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, na wanaomnunua ni watu ambao Schimmel mwenyewe akiwagongea mlango usiku wataita polisi. Grandma Moses angalau alifaidi akiwa hai. Mwaka 1938 picha zake zilikuwa dirishani mwa duka la dawa huko Hoosick Falls, New York, kwa dola chache, mpaka akapita mkusanyaji akazibeba zote. Kabla ya hapo bibi alizipeleka kwenye maonyesho ya wakulima pamoja na jamu zake. Jamu zikapata zawadi, picha hazikupata kitu. Majaji wale nawaheshimu. Walijua kinacholiwa.

Lakini kuna mahali mzaha wangu unakwama. Harriet Powers, mama wa Georgia aliyezaliwa utumwani, alishona blanketi la viraka lenye visa vya Biblia. Mwaka 1891, njaa ikiwa mlangoni, aliliuza kwa dola 5 baada ya kuomba 10. Baadaye alirudi mara kadhaa nyumbani kwa aliyelinunua, kulitazama tu. Leo liko makumbusho ya Smithsonian. Na kulikuwa na mfinyanzi wa Edgefield, South Carolina, mtumwa aliyeitwa Dave, ambaye baada ya uhuru alijulikana kama David Drake. Alifinyanga mitungi ya kutia nyama na mafuta, mingine ya kumeza lita tisini na kitu, na udongo ukiwa bado mbichi akaandika juu yake jina lake, tarehe, na wakati mwingine mistari miwili ya shairi. Alifanya hivyo katika jimbo ambalo mwaka 1834 lilikuwa limepiga marufuku kumfundisha mtumwa kuandika. Mtungi wake wa 1858 uliuzwa mwaka 2021 kwa dola milioni 1.56. Mwenyewe alikuwa na bei pia, kwenye orodha za mali za mabwana zake. Mama Zuhura aliponionyesha picha ya ule mtungi sikutia neno, naye hakusema angependa kuwa nao.

Kimya changu hakikudumu, maana Jumapili iliyofuata tulikuwa Adamstown mbele ya kasha la zamani lililopakwa vanishi, kutoka Massachusetts, na bei yake ilinipa kiungulia. Hapo nikaikumbuka historia yetu. Karne ya 19 mabaharia wa Salem, mji wa huko huko Massachusetts, walifanya biashara kubwa na Zanzibar. Seyyid Said alitia saini mkataba na Marekani mwaka 1833. Walituletea kitambaa cha pamba, ile merikani, wakaondoka na pembe za ndovu na sandarusi, utomvu mkavu uliochimbwa ardhini kwetu Mrima. Sandarusi ikasafishwa Salem, ikageuzwa vanishi ya samani. Nikamweleza mzee mwenye duka yote hayo kwa utulivu. Nikamwambia huenda mng'aro wa kasha lake umetoka ardhini kwetu, umechimbwa na babu zangu wa pwani kwa jembe na jua la utosini, na kwa msingi huo familia yangu ilikwishalipa sehemu ya bei. Naomba punguzo.

Mzee akanisikiliza kwa makini, macho yakang'aa. Akaniomba nirudie pale pa Zanzibar. Akachukua kalamu, akayaandika yote kwenye kikaratasi kilichoning'inia kwenye kasha, kisha akaifuta bei ya zamani na kuweka nyingine, iliyozidi kwa dola 200. Alisema kasha lenye historia namna hiyo haliwezi kwenda kwa bei ya jana. Njia nzima ya kurudi Mama Zuhura alitazama dirishani.

Habari zimeshafika Pangani. Mke wangu alimpigia mama simu kumsihi asitupe mbuzi ya kukunia nazi, kinu, wala ile pishi kubwa, na asivisugue kabisa, maana huku watu wanajua thamani yake. Nilitegemea mama amcheke. Wiki hii kanipigia mwenyewe. Mbuzi hajaiosha tangu siku ile. Binti wa kazi aliyetaka kuigusa kwa maji amepewa maneno. Na anataka kujua Mama Zuhura analipa kwa dola au kwa shilingi.

"Na mwambie mkwe wangu," akaongeza, "kuna na kile kitanda cha babu yako cha kamba, teremka-tukaze, hakijawahi kuonja rangi. Ila baba yako yuko juu yake amelala. Akikitaka pamoja naye, tutaelewana."